Kichwa cha Bio Yarou

Kwenye kabati la chumba cha chini, nyumbani kwa Sosthène huko Apple Valley, Minnesota, nyuma ya mashine mbili za kunyolea na chupa ya spiriti, palikuwa na kopo la kahawa ambalo Générose, mkewe, alikatazwa kulitupa. Alilifungua mara moja tu, akidhani lina misumari. Akakuta nywele za mtu, nyeusi zilizochanganyika na mvi, zimefungwa kwenye karatasi safi. Alilifunika upesi kama aliyeona nyoka.

"Sosthène, wewe ni kinyozi au mganga?"

"Liache hapo hapo."

"Nywele za nani?"

"Za Bio."

Générose hakuuliza tena. Alilirudisha kopo mahali pake, akapanda ngazi taratibu.

Sosthène hakuwa na leseni ya unyozi. Ufundi wake aliupata Nyarugusu, kambini Tanzania, alikokaa miaka kumi na mitano akinyoa watu kwa nusu ya wembe iliyobanwa kwenye meno ya kitana. Alipoletwa Minnesota mwaka 2013, yeye, mkewe na binti yao Joyeuse, kazi aliyoipata ni ya kupanga maboksi katika ghala moja huko Shakopee. Lakini mikono yake haikuwa mikono ya maboksi. Saluni moja ya Roseville ilipofungwa na kutupa vitu vyake nje, aliokota kiti kizima cha kinyozi, chenye mguu wa kukanyagia kupandisha na kushusha, akakiweka chumba cha chini chini ya taa nyeupe. Kila Jumapili baada ya ibada wanaume walishuka ngazi mmoja mmoja, Wakongo, Waburundi, mara moja moja Mkenya mwanafunzi, na kila aliyeketi alipokelewa kwa swali lile lile, kabla hajafungwa kitambaa shingoni:

"Leo tunafanyaje?"

Aliwauliza hata watoto. Aliwauliza hata wenye upara.

Bio Yarou alikutana naye ghalani. Alikuwa mtu wa Benin, Mbariba wa mji wa Nikki, mrefu, mwenye umri wa kupita hamsini, aliyekuwa Marekani tangu mwaka 2006. Yeye na mkewe waliachana zamani na mwanawe alihamia Texas. Kwa kuwa wote wawili walisema Kifaransa, na kwa kuwa Sosthène alikuwa na gari, walizoea kwenda kazini pamoja kila siku. Safari si ndefu, lakini ukisafiri njia moja na mtu kwa miaka mitatu, utaujua ukoo wake wote.

Ndivyo Sosthène alivyojua kwamba Bio si jina. Kwa Wabariba, Bio ni mtoto wa kiume wa tatu, basi. Wa kwanza ni Woru, wa pili Sabi, wa tatu Bio, wa nne Boni. Kila nyumba ina wake. Lakini Bio alizaliwa katika mojawapo ya nyumba za ufalme, na watoto wa nyumba hizo wana jina lingine linalowangoja. Kila mwaka Nikki hufanya sikukuu iitwayo Gaani. Farasi huvikwa vitambaa vya rangi, tarumbeta ndefu kuliko mtu hulia mbele ya mfalme, na wana wa ukoo waliotawanyika hurudi nyumbani. Siku hizo mama mkuu wa ukoo wa kifalme huwanyoa kichwa wale ambao hawajapata jina, na hapo hapo, wembe ukiwa mkononi, huwapa jina lao.

"Wengine hunyolewa wadogo," Bio alisema. "Mimi baba alikuwa mwalimu, tukihamishwa kila mahali. Mwaka huu hatukufika, mwaka uliofuata hatukufika. Halafu akafa. Halafu nikaja huku."

"Kwa hiyo miaka yote hii unaishi na namba?"

"Naishi na namba."

"Hata kazini wamekupa nyingine ya kuongezea," Sosthène alisema, na Bio alicheka hadi akapiga goti lake.

Tangu siku hiyo Sosthène alimwita Mwami, kama watu wa kwao Lemera, milimani juu ya Uvira huko Kongo, wanavyomwita mtawala wao. Mwami wa Maboksi, alipotaka kumchokoza. Na Bio, kila aliposhuka ngazi za chumba cha chini, aliingia na mzaha wake:

"Watumwa wako wapi? Nani atanishikia kofia?"

"Mtumwa ni mmoja na mikono yake ina kazi. Keti, Mwami. Leo tunafanyaje?"

"Mkasi tu. Wembe usiniguse."

Ilikuwa hivyo kila mara, mkasi tu. Baba yake alimwambia zamani, wakati bado ni mdogo: kichwa kitakachokwenda kwa mama mkuu kisiguswe na wembe mwingine, na kisiende kitupu. Bio hakujua ni lini atakwenda, kwa hiyo alikilinda kichwa chake miaka yote. Kizuizi chake kilikuwa mwezi. Gaani hufuata mwezi wa angani, na katika miaka ile ilikuwa ikirudi nyuma polepole mpaka ikaangukia Novemba na Desemba, wakati Marekani nzima inaagiza zawadi na ghalani hakuna anayepewa ruhusa hata ya kuumwa jino.

Mwaka 2017 alipewa ruhusa. Alikwenda kuiomba mwezi wa tatu, akairudia mwezi wa tano, akaipata kwa maandishi mwezi wa nane. Alimwonyesha Sosthène karatasi garini, akamwambia asome kwa sauti, ingawa ilikuwa ya Kiingereza na Sosthène alisoma Kiingereza kama anayetembea juu ya mawe.

"Mwami anakwenda nyumbani," Sosthène alisema.

"Naondoka mwisho wa Novemba. Nitarudi na jina, na wewe utalazimika kujifunza kulitamka."

Zilibaki wiki mbili, Jumapili, Bio aliposhuka ngazi bila mzaha wowote. Alikuwa ametoka kufanya siku sita mfululizo. Macho yalikuwa mekundu. Aliketi kitini kabla hajaambiwa, akavua kofia mwenyewe.

"Baba mdogo amefariki," alisema. "Nikki. Asubuhi hii wamenipigia. Yeye ndiye aliyetulea baada ya baba."

"Pole sana, kaka yangu. Pole."

"Asante."

Akafumba macho. Sosthène alimfunga kitambaa shingoni, na kabla hajakaza fundo Bio alikwishalala, mdomo wazi kidogo, mikono imeanguka mapajani.

Sosthène alibaki amesimama na mkasi mkononi. Kwao Lemera mtu aliyefiwa na baba hunyolewa kichwa chote. Hanyolewi na yeyote. Hunyolewa na ndugu au rafiki wa karibu, naye haongei, anakaa tu, kama alivyokaa Bio. Sosthène mwenyewe alinyolewa hivyo kambini, babake alipofariki Lemera na habari zikafika baada ya wiki tatu. Mzee mmoja jirani alimketisha juu ya ndoo bila kusema neno, akamnyoa, na Sosthène hakusahau kamwe jinsi mkono ule ulivyokuwa mwepesi. Sasa alimtazama huyu mtu wa Nikki, aliyefiwa asubuhi, aliyekuja moja kwa moja kwa kinyozi wake, akavua kofia na kunyamaza. Angekuja kwa kitu gani kingine?

Hata neno "wembe usiniguse" lilimjia. Alilikumbuka, akalipima, akaona kwamba msiba umelifuta. Safari haiwezi kuwapo tena, aliwaza; mtu hawezi kwenda kwenye sherehe na kilio kichwani. Hakumwamsha. Mfiwa unamuulizaje?

Aliweka mkasi. Akachukua mashine, kisha maji ya moto, kisha sabuni, kisha wembe mpya. Hakuwahi kunyoa kichwa vizuri kama siku ile. Alipita nyuma ya masikio kama anayefuta vumbi kwenye picha. Hakumkata hata mahali pamoja. Alipomaliza alimwekea taulo la moto, na ndilo lililomwamsha Bio.

Bio alipandisha mkono kichwani. Ukatua, ukakaa. Halafu ukazunguka polepole, nyuma, juu, mbele, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Kinyozi," alisema. "Umefanya nini?"

"Nimekunyoa kilio."

"Kilio gani?"

"Cha baba yako mdogo. Kwetu..."

"Kwenu." Bio alikiangalia kioo. "Nilikuja unipunguze kidogo. Nina picha ya pasipoti kesho. Kwetu Gaani haisimami kwa msiba, Sosthène. Baba mdogo ndiye angenishika mkono kunipeleka. Walinipigia kuniambia nani atanishika mkono badala yake."

Sosthène alilichukua taulo la moto, akalikunja mara nne.

"Wiki mbili," Bio alisema. "Zitaota nini kwa wiki mbili?"

Aliinuka, akajipangusa shingo mwenyewe, akavaa kofia. Mlangoni aligeuka. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo Sosthène alilolikumbuka zaidi baadaye. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika kituoni akakuta basi limeondoka.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nitawaambia nyumbani kwamba nimenyimwa ruhusa."

Générose alishuka baada ya muda kumwita kula, akamkuta mumewe amepiga magoti, akikusanya nywele sakafuni kwa brashi ndogo ya shingo, unywele kwa unywele. Alisimuliwa yote hapo hapo.

"Ulimuuliza?" alisema.

"Alikuwa amefiwa."

"Sosthène. Ulimuuliza?"

Bio hakwenda. Jumatatu alikuwa barabarani akimngoja kama kawaida, na kofia yake, na walikwenda Shakopee wakizungumza habari za theluji. Aliirudisha ruhusa yake kwa maandishi, kama alivyoiomba. Siku tarumbeta zilipolia Nikki alikuwa ghalani akipanga maboksi, na wakati wa chakula alimwonyesha Sosthène video aliyotumiwa na dada yake: vumbi, farasi, wanawake wakipiga vigelegele. Waliitazama mpaka mwisho. "Farasi yule mweupe ni mzuri," Bio alisema, akafunga simu.

Aliendelea kushuka ngazi Jumapili. Sosthène aliuliza, "Leo tunafanyaje?" na sauti yake ikawa nyembamba kila alipouliza, na Bio alijibu, "Mkasi tu," kwa upole, kama anayemsaidia mtoto somo. Neno Mwami halikutamkwa tena. Kama angemtukana hata mara moja, Sosthène angelala vizuri zaidi.

Mwaka 2018 ruhusa haikupatikana. "Mwaka ujao," Bio alisema. Mwezi wa pili wa mwaka 2019 alianguka mbele ya nyumba yake akiondoa theluji kwenye gari, koleo mkononi, na hakuinuka. Mwanawe alikuja kutoka Texas, akamzika Roseville. Kwenye jiwe waliandika kilichokuwa kwenye vitambulisho vyake: Bio Yarou. Wa tatu, wa nyumba ya Yarou.

Sosthène ndiye aliyempigia dada yake simu. Namba alikuwa nayo. Mwaka 2017 simu ya Bio iliisha chaji garini, Sosthène akamwazima yake kupiga Nikki, na namba ilibaki humo, imeandikwa "Bona, dada wa Mwami". Bona alikuwa mkunga mstaafu, alisema Kifaransa kizuri. Alilia kwa sauti moja ndefu, kisha akauliza kama ndugu yake aliteseka. Sosthène alimwambia hapana. Habari ya kichwa hakuitaja. Kwao makosa ya namna ile hayasemwi kwa simu. Unakwenda, unaketi, unayasema ukiwa unaonekana.

Mwaka ule alikuwa amekwishapata uraia na pasipoti.

"Pasipoti ya kwanza katika maisha yako," Générose alisema, "na huendi Lemera kuona kaburi la baba yako. Unakwenda kwa Wabariba."

"Nakwenda."

"Na kopo?"

"Na kopo."

Joyeuse, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alimuuliza kwa Kiingereza kama uwanja wa ndege watamruhusu kupita na nywele za maiti. "Zilikuwa za mtu hai," Sosthène alimjibu kwa Kiswahili.

Alifika Nikki mwezi wa Novemba, siku moja kabla ya sikukuu, baada ya ndege mbili, basi la kutwa mpaka Parakou na gari dogo lililojaa vumbi jekundu. Mji ulikuwa umefurika. Farasi walifungwa kwenye kuta za nyumba kama vile pikipiki, na Sosthène, aliyekuwa hajawahi kumkaribia farasi maishani, alitembea katikati ya njia na kopo lake kwapani. Bona alimpokea mlangoni. Alikuwa mrefu kama kaka yake na alikuwa na kicheko kile kile cha kupiga goti.

"Kwa hiyo wewe ndiye Kinyozi! Bio alisema una mikono mizuri na gari baya."

"Ndiye mimi, dada."

"Kula kwanza. Watu wanaokuja na uso kama huo hula kwanza."

Alimlisha viazi vikuu vilivyotwangwa na mchuzi mzito, akamkatalia kusema lolote mpaka kesho. Msiba ulikwishaliliwa, alisema. Sikukuu ni sikukuu. Kwa hiyo Sosthène aliiona Gaani ya Bio akiwa bado hajalisema neno lake. Aliona wapanda farasi wakija kwa kasi mpaka mbele kabisa, wakivuta hatamu ghafla, farasi wakisimama kwa miguu ya nyuma. Alisikia tarumbeta zile ndefu, sauti iliyotoka chini kama ya ng'ombe na kukaa kifuani. Halafu Bona alimvuta mkono mpaka ukingo wa ua mmoja, kati ya mabega ya watu, na mbele, juu ya mikeka, aliona wanaume na watoto wakiwa wameketi kwa safu, wakingoja.

Sosthène alitazama vichwa vyao, maana hakujua kutazama kitu kingine. Cha kwanza, mtoto, nywele za kutosha. Cha pili, kijana, nywele. Cha tatu kilikuwa kitupu. Kiling'aa. Cha nne kilinyolewa kwa mashine, siku mbili zilizopita au tatu, si zaidi. Jicho lake halikudanganyika, kwa kuwa ngozi ilikuwa bado nyeupe nyeupe juu ya masikio.

"Dada," alisema. "Yule wa tatu."

"Yule? Mkaguzi wa shule. Ana upara tangu nilipomfahamu."

"Ananyolewa nini?"

"Kichwa."

"Lakini hana nywele."

Bona alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Wanamwaga maji, wembe unapita, jina linatajwa. Ulifikiri wanapima kwa rula?"

"Na yule wa nne? Kanyolewa na mtu mwingine juzi."

"Huenda alikuwa na joto. Kinyozi, una nini? Kaa chini."

Aliketi. Pale pale, katikati ya vumbi na vigelegele, alimwambia yote: Jumapili ile, baba mdogo, taulo la moto, picha ya pasipoti, ruhusa iliyorudishwa. Alisema na maneno ya baba yao juu ya wembe na kichwa kitupu. Bona alisikiliza bila kumkatiza, na alipofika hapo aliweka kiganja mdomoni.

"Baba alimwambia hivyo akiwa na miaka saba," alisema. "Aliiba wembe wa mama akajinyoa mwenyewe, akajikata hapa, damu mpaka shingoni. Baba alimtisha tu. Kila mzazi hapa anawatisha hivyo watoto. Sisi wote tulicheka." Aligeuka kumtazama. "Alibeba kitu kile mpaka Amerika?"

"Alikibeba."

"Alituambia wamemnyima ruhusa. Nilimlaani bosi wake kwa mwaka mzima."

"Nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe, na yeye, na baba." Sasa sauti yake ilipanda, na watu wawili waligeuka. "Miaka miwili namba yangu ilikuwa mfukoni mwako! Swali moja! Bona, tumemnyoa, je, aje? Ningekwambia mlete hata kama hana kichwa!"

Mbele yao maji yalimwagwa juu ya mkaguzi wa shule. Wembe ulipita taratibu juu ya ngozi tupu, toka paji la uso mpaka kisogo, bila kuangusha unywele hata mmoja. Kisha jina likatajwa, na umati ukalipokea kwa kelele, ukalirudia, na yule mtu akainuka akiwa na uso uliolowa, akicheka.

"Lake lingekuwa lipi?" Sosthène aliuliza.

"Nani ajuaye? Jina husemwa hapo. Halikai mahali likingoja."

Sosthène alimpa kopo. Bona alilifungua, akafunua karatasi, akazishika zile nywele kwa vidole viwili. Kwanza alicheka, kile kicheko cha kupiga goti, kisha goti lilitulia na mkono ukabaki juu yake.

"Hazina kazi yoyote hapa," alisema hatimaye. "Ni nywele tu. Mrudishie mwenyewe."

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, Joyeuse alimwendesha mpaka Roseville, maana yeye alilishika kopo kwa mikono miwili. Theluji ilikuwa imeanza. Alimwacha binti garini, akatembea mpaka kwenye jiwe, akalifuta kwa brashi ya shingo aliyokuja nayo mfukoni, pole pole, pembeni kwanza, kisha juu, kama anavyomaliza kila kichwa. Majina mawili yalitokeza. Ardhi ilikuwa ngumu, hakuweza kuchimba. Alizimwaga nywele chini ya jiwe, na upepo ukachukua nusu yake kabla hazijatua.

Alisimama pale na kopo tupu. Joyeuse alipiga honi mara moja, taratibu. Sosthène aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na jiwe, kama mtu anayezungumza na mteja aliyesinzia.

"Mwami," alisema. "Leo tunafanyaje?"